Rota ya Lori la Bwana Meno

Nilifika shambani saa tatu asubuhi, nimesukuma baiskeli kwenye matope tangu Yamumbi, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mgongo wa shemeji yangu Kituyi. Walikuwa wamemfunga mikono kwenye vyuma vya ubavu wa lori, shati lake limetupwa chini. Mgongo ulikuwa na mistari minne. Miwili ilikuwa imevimba tu. Miwili ilikuwa imepasuka, na damu ilikuwa ikiteremka hadi kwenye mshipi wa suruali.

Kituyi alikuwa dereva wa lori hilo na mume wa dada yangu Nasike. Mimi nilikuwa fundi wa moto katika gereji ya Mwingereza mmoja mjini Eldoret, ambao siku hizo tuliuita Sisibo. Sisemi moto wa kupikia. Nasema ule unaochoma petroli ndani ya injini: koili, distributa, plagi na nyaya zake. Watu walinicheka eti nalipwa kwa kutazama cheche. Walicheka mpaka gari lilipogoma, hapo nikawa Fundi Wepukhulu kwa heshima zote.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, na ingawa mapigano yalikuwa mbali na sisi, Makaburu wa Uasin Gishu walilala na bunduki. Mwenye shamba hili jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Meno kwa jinsi alivyoyasaga akikasirika. Yeye aliongeza ulinzi wake mwenyewe. Kila jioni alifungua distributa ya lori, akachomoa rota, akaitia mfukoni. Rota ni kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, kina ulimi wa shaba juu, nacho huzunguka ndani ya distributa kikigawia kila plagi moto kwa zamu. Bila hicho lori haliendi popote. Asubuhi alimpa Kituyi mkononi, na Kituyi akairudisha mahali pake huku akitazamwa.

Asubuhi hiyo Kituyi aliirudisha kama kawaida, na lori likakataa kuwaka. Juu kulikuwa na magunia hamsini ya ngano yaliyotakiwa stesheni kabla ya saa sita. Wiki iliyotangulia Kituyi alikuwa ameomba ruhusa aende Kimilili kumzika mjomba wake, akanyimwa, akanung'unika mbele za watu. Basi Bwana Meno hakuona haja ya kufikiri sana. Alipiga simu gerejini aletewe fundi, na wakati akinisubiri akamfunga dereva.

"Wewe fundi ya Sisibo?" aliniuliza. Alikuwa mzee mnene, shingo nyekundu, fimbo ya kutembelea mkononi.

"Ndiyo, Bwana."

"Hii mshenzi naharibu lori yangu. Wewe natafuta yeye nafanya nini. Kila saa hendeli nazunguka na lori hapana waka, yeye nakula kiboko moja. Sasa ni nne. Nasikia?"

Nilisikia. Nyuma ya Kituyi alisimama Kiprotich, nyapara wa shamba, Mnandi mrefu mwenye koti la jeshi, na kiboko kilikuwa kinaning'inia mkononi mwake. Macho yake yalikuwa chini. Wafanyakazi kama kumi walikuwa wamepangwa kando ya ghala kutazama, na mmoja wao alikuwa ameinama mbele ya lori ameshika hendeli, chuma cha kuzungushia injini.

Mimi nina hasira, sikatai. Mama yangu alisema nilizaliwa ngumi zimekunjwa. Niliweka sanduku la vyombo chini na kusema kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Bwana akimwua dereva, nani atapeleka ngano?"

Fimbo ilipanda juu. Nilifumba macho. Ilipochelewa kushuka nikayafumbua, nikaona ameirudisha chini, anasaga meno. Nilijua sababu. Wazungu wa huko walikuwa na sheria yao isiyoandikwa: mtu hampigi boi wa mzungu mwenzake. Unampiga wako. Ukimpiga wa jirani, jirani atakuja kukuuliza kwa nini umegusa mali yake. Ni sheria ya kutukana, lakini siku hiyo ilinifaa, na ilinitia kiburi.

Nikafungua boneti. Nilitazama kwanza taa, zikawaka vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikachomoa plagi moja, ilikuwa imelowa petroli. Petroli inafika, moto haufiki. Hadi hapo nilikuwa najua ninachofanya, na mikono yangu ilifanya kazi kama iko gerejini, peke yake, bila kuniuliza. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilitoa kifuniko cha distributa nikakuta platini ziko wazi. Hivyo ni vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, na vinapoachana ndipo koili hutoa cheche. Ili nizipime nilitaka zigusane kwanza. Gerejini tunasema neno moja na mtu anazungusha injini kidogo.

"Zungusha kidogo," nilisema.

Mtu wa hendeli akazungusha nusu.

"Tano," akasema Bwana Meno.

"Bwana, hapo sikuwa nawasha. Nilikuwa napima tu."

"Tano."

Kiprotich alipandisha kiboko na kukishusha. Nilisikia upepo wake kabla ya kusikia ngozi. Kituyi, ambaye nadhani vile vinne vya kwanza alivimeza, mara hii alipiga yowe, akabaki ananing'inia kwa mikono. Mstari wa tano ulipita juu ya mmoja wa ile iliyopasuka na damu ikaruka hadi kwenye gurudumu. Kisha Kituyi akageuza shingo, akanitazama kupitia chini ya kwapa lake.

"Shemeji," alisema, "ni wewe umesema azungushe."

Ningeweza kutia gia na kuwaambia wale watu kumi wasukume lori hatua moja. Injini ingezunguka yenyewe na hendeli isingeguswa. Kila fundi anajua hilo. Mimi lilinijia baada ya kiboko kushuka, na miaka yote hii bado linanitia aibu.

"Hakuna mtu kugusa hendeli," nilisema. "Atakayeigusa tutaonana mimi na yeye." Mtu wa hendeli akairusha kwenye majani.

Sasa platini zilikuwa zimefungika. Niliwasha swichi, nikachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, nikaushika karibu na chuma cha injini, na kwa ncha ya bisibisi nikazifungua platini. Cheche ya buluu ikaruka, nono, ikalia ta. Nikarudia, ikalia tena. Koili ilikuwa nzima. Kwa hiyo moto ulikuwa unapotelea mbele yake, ndani ya distributa. Nilipangusa kifuniko, nikakigeuza juani kutafuta ufa au mstari mweusi. Hakikuwa na kitu. Ikabaki rota.

Niliichomoa, nikainusa. Sijui kwa nini niliinusa. Ilikuwa na harufu ya sabuni.

Niliitazama vizuri. Kwenye mikunjo yake kulikuwa na utando mweupe wa magadi. Ulimi wa shaba ulikuwa umefanya kutu ya kijani. Upande mmoja ulikuwa umebabuka kwa joto, na hapo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele uliotoka juu hadi chini. Nikainua macho. Nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na waya wa kuanikia nguo, na kwenye waya kaptura tatu za kaki za Bwana Meno zilikuwa zinakauka, mifuko imegeuzwa nje. Kwenye mlango wa jiko alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ameshika beseni tupu kifuani. Hakuwa anamtazama Kituyi kama wengine. Alikuwa anatazama mkono wangu.

Huyo alikuwa Jemutai, mke wa Kiprotich, mfuaji na mpishi wa nyumba. Hadithi yote niliisoma pale bila kuambiwa. Jana ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua. Alikuwa amechemsha nguo za Bwana kwenye pipa kwa magadi, na rota ilikuwa mfukoni. Alipoikuta, akaogopa, akaiweka juu ya stovu ikauke upesi, ikapasuka. Kisha akairudisha pale Bwana anapoweka vitu vyake na kunyamaza. Mimi pia ningenyamaza. Kwenye shamba lile mtu alikuwa anapigwa kwa kuvunja sahani.

Nikaipaka rota oili kidogo kwa kidole gumba na kuipangusa kwa kitambaa mpaka utando ukaisha. Sikuwa na mpango wowote bado. Niliirudisha kwenye mhimili wake na kumwita Bwana Meno.

"Bwana, njoo uone kwa macho yako."

Alikuja, akainamisha shingo yake nyekundu ndani ya boneti.

"Huu waya umebeba moto wa koili. Nauweka karibu na hii shaba ya juu. Rota ikiwa nzima, moto hauna pa kwenda, utakataa kuruka. Ikiwa imepasuka, moto utaingia kwenye ufa, ushuke chini hadi kwenye chuma. Tazama."

Nikazifungua platini kwa bisibisi. Cheche ikaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye shaba, ikapotea ndani ya rota. Nikarudia mara tatu. Kila mara iliruka. Wale waliokuwa ghalani walikuwa wamesogea, na nikasikia mmoja akivuta pumzi.

"Moto inapita hapa chini," nilisema, nikishuka kwenye Kiswahili chake ili asipate kisingizio. "Plagi hapana pata kitu. Hii dereva hapana fanya kosa. Rota imekufa yenyewe."

"Yenyewe?" Aliichomoa, akaiweka kiganjani, akaupitisha ukucha kwenye ufa. "Hii rota mpya. Mwezi moja tu. Kila siku nalala na mimi. Dereva nashika asubuhi tu, na mimi naona yeye." Nilimwona akifikiri, na nawaambia ni jambo baya kumwona mtu wa namna ile akifikiri. "Jana mimi nakwenda kwa farasi. Lori nalala. Rota iko..."

Kichwa chake kikaanza kugeuka upande wa nyumba.

Kiprotich naye alikuwa amemtazama mkewe, akaliona beseni, akaziona kaptura. Uso wake ulibadilika rangi. Bwana Meno hakuwa na haja ya kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Angemwita nyapara wake, kama alivyomwita kwa kila mtu, na nyapara angempiga mkewe mwenyewe mbele ya shamba zima, na mtoto mgongoni au pembeni. Nilikuwa nimemwondolea Kituyi kiboko, na sasa kiboko kilikuwa kinamtafuta mwingine.

Msinifanye mtu mwema. Nilikumbuka fimbo iliyopanda na kushindwa kushuka. Nilijisemea, mimi ni wa Mwingereza, huyu hawezi kunigusa. Atanitukana, atapiga simu gerejini, nitafukuzwa kazi au nitasamehewa, basi. Nilidhani nimepata njia ya bure.

"Ni mimi, Bwana," nilisema. "Mimi ndiye niliyeileta hiyo rota mwezi uliopita. Ilinidondoka gerejini kabla sijaileta. Niliona ina ufa, nikasema itavumilia."

Kichwa chake kikarudi kwangu.

"Wewe najua iko mbovu?"

"Nilijua."

Alinitazama, meno yanalia. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi hapana piga boi ya mzungu ingine," alisema. "Hiyo kitu mbaya sana." Akamgeukia Kiprotich. "Fungua dereva. Funga hii."

Sikuelewa mpaka kamba ilipokuwa mikononi mwangu, ikiwa bado na joto na unyevu wa mikono ya Kituyi. Walinivua shati. Bwana Meno alichukua kiboko kutoka kwa nyapara, akampa Kituyi, akamshika bega kama rafiki.

"Wewe nakula tano bure, sababu ya huyu. Sasa wewe narudisha kumi. Mimi hapana gusa yeye. Ninyi watu weusi mnamaliza maneno yenu."

Nilikuwa na uso kwenye chuma cha lori, kinanuka ngano na kutu. Sikuogopa bado. Kuna namna ya kupiga kiboko, watu wote wa mashambani wanaijua: ukikilaza na kupiga kwa tumbo lake, kinalia sana na ngozi inavimba, lakini hakikati. Kinakata ukipiga kwa ncha. Kiprotich alikuwa amempiga Kituyi kwa kukilaza kila Bwana alipotazama kando. Ndiyo maana mistari miwili ilikuwa imevimba tu. Mnandi asiye ndugu yake alikuwa amemhurumia. Nikasema moyoni, shemeji yangu, niliyemsamehe nusu ya ng'ombe wa mahari, niliyemfundisha kuendesha gari, atanipiga kwa tumbo la kiboko na mimi nitapiga mayowe ya uongo.

Cha kwanza kilinipasua.

Kilitoka begani hadi kiunoni, kwa ncha, kwa nguvu za mwili mzima. Sikupiga yowe la uongo wala la kweli, pumzi yote ilikuwa imetoka. Cha pili kilifuata palepale. Nilijaribu kugeuza shingo nimwone, nikaona miguu yake tu, imechanuliwa kwenye matope ili apate nguvu. Cha tatu kilinikunja, cha nne kilinifanya nijikojolee, na wafanyakazi walikuwa wanahesabu, kwani Bwana Meno aliwaamuru wahesabu. Kituyi alikuwa anahema kama mtu anayepasua kuni. Kwenye cha sita alisema kitu, "Ulijua," alisema, na kwenye cha saba tena, "Ulijua." Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Kaburu. Nasema hivyo bila haya. Kaburu alikuwa Kaburu, lakini huyu alikula kwangu.

"Kumi," walisema watu.

"Basi," alisema Bwana Meno.

Cha kumi na moja kilishuka. Nilisikia watu wakikosa la kuhesabu. Kikaja cha kumi na mbili, kikaja cha kumi na tatu kilichonipata shingoni na kunipasua sikio, na Bwana Meno hakusema tena basi. Alikuwa anatazama saa yake. Ni Kiprotich aliyemshika Kituyi mkono. Alimshika kifundo kwa mikono miwili akakikunja mpaka kiboko kikaanguka, na wakabaki wanasukumana kwenye matope, Kituyi analia machozi kabisa.

Kiprotich ndiye aliyenifungua.

"Nimeona ulivyoipangusa ile rota," alininong'oneza.

Nilitema damu, kwani nilikuwa nimeuma ulimi, nikaenda kwenye sanduku langu. Nilikuwa na rota nyingine ndani ya kopo. Niliifunga mahali pake, nikarudisha kifuniko na waya, klipu zikinishinda mara mbili. Mtu wa hendeli aliokota hendeli majanini. Lori liliwaka kwa mzunguko wa kwanza. Nilipotazama mlango wa jiko, ulikuwa umefungwa.

Wakanipandisha juu ya magunia pamoja na baiskeli yangu, nikalala kifudifudi. Kituyi aliendesha ameinama mbele, hawezi kuegemea kiti. Alikwenda taratibu kwenye mashimo. Sikujua kama ni kwa ajili ya mgongo wangu au wake.

Ngano ilifika stesheni kabla ya saa sita. Walipokuwa wanashusha magunia, alikuja akasimama kando yangu, amevaa shati lililogandamana na damu.

"Shemeji," alisema bila kuniangalia, "ulijua kweli ina ufa?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningemwambia kuhusu Jemutai na magadi, angejua amempasua mgongo mtu aliyemtoa kwenye kamba, na angebeba hilo mpaka kaburini. Pia angerudi shambani na hasira yake, na yeye si mtu wa kufunga mdomo. Hizo ndizo sababu nzuri. Sababu mbaya ni kwamba nilitaka kuendelea kumchukia kidogo.

"Nilijua," nilisema.

Akatikisa kichwa, akaenda kufunga turubai.

Ilikuwa siku ya soko, na Nasike alikuwa amekuja mjini na mboga zake. Tulimkuta chumbani kwangu, ng'ambo ya mto Sosiani, anapika ugali. Alitutazama mlangoni, akaepua sufuria. Alituketisha kwenye kitanda kimoja, migongo ikimwelekea, akayeyusha chumvi kwenye maji ya moto na kuanza na mumewe.

"Nani?" aliuliza.

Nikajibu mimi.

"Ni Kaburu."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Alimaliza mgongo wa Kituyi, akahamia wangu. Mkono wake ukasimama. Nilimsikia akihesabu kwa kunong'ona, kidole kikipita hewani bila kunigusa, na alipofika shingoni akaacha.

"Wewe ni mgeni tu pale," alisema. "Mbona mgongo wako umechanwa hivi, na wa dereva wao una mistari mitano tu?"

Kituyi aliinuka, akatoka nje bila shati, na hakurudi mpaka ugali ulipopoa.